Salama, ila jicho

Mimi nina jicho moja. La kushoto lilichukuliwa na surua nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na kwa kuwa sikumbuki kuona nalo, sijawahi kulililia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba nilipougua jicho la kulia nilikuwa na akiba mahali. Sikuwa nayo. Lile ndilo lilikuwa lote.

Naishi Busisi, pale ambapo zamani kivuko kilikuwa kinaegesha. Kwa miaka mingi nilikaanga samaki kwenye foleni ya kivuko. Mabasi ya Geita, malori ya ng'ombe, magari ya wakubwa yenye vioo vyeusi, wote walipanga foleni pale, na mtu akikaa kwenye foleni muda mrefu anaona njaa hata kama alikula nyumbani. Niligombana na wateja, nikataniana nao, nikawasema wale wanaobonyeza samaki wote kwa kidole halafu wanaondoka na mdogo kuliko wote. Sasa kuna daraja. Siku lilipofunguliwa nilipiga vigelegele kama wenzangu, maana hata mimi niliwahi kuona mgonjwa anakata roho kwenye foleni ile. Kesho yake niliwasha jiko, nikakaanga samaki, nikakaa. Hakuja mtu. Magari yalipita kule juu yakinguruma, wala hayakujua kwamba huku chini kuna mwanamke na karai la mafuta ya moto.

Wenzangu walitawanyika. Wengine walikwenda Kirumba kuuza dagaa pale Mwaloni, wengine wakawafuata watoto wao Igoma na Kahama. Tulibaki wawili: mimi, na mwanamke ambaye hatukuwa tunasalimiana.

Hilo la kutosalimiana inabidi nilieleze. Huku kwetu unaweza kumsema mtu vibaya, ukamnyima hata kaa la moto la kuwashia jiko, lakini mkikutana njiani asubuhi mtasalimiana. Ukimnyima mtu salamu umemfuta. Yule mwanamke alikuwa na kibanda kando ya changu. Siku moja abiria alisimama katikati yetu, hajui anunue kwa nani, na yule mwanamke akamwambia kwa sauti ya kunifikia, "Wa kwake ni wa jana." Samaki wangu hawakuwa wa jana. Walikuwa wa asubuhi ile ile, nilikuwa nimewapokea mtumbwini kwa mikono yangu. Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mimi ni mtu wa kanisani. Tangu siku hiyo tukapeana mgongo.

Lakini nilimjua. Nilijua kikohozi chake. Nilijua siku ambazo mguu unamsumbua kwa jinsi alivyoburuta kandambili. Alipofiwa na mume nilikwenda msibani, nikakaa nyuma, nikaosha masufuria, ila mkono wa pole sikumpa. Ilipofika zamu yangu ya kufiwa, naye alikuja, akasonga ugali wa watu wote wale, akaondoka bila kunitazama. Baada ya daraja, basi, hiyo ndiyo ikawa jamii yangu: adui mmoja na kuku.

Na mwanangu, ambaye yuko Dar es Salaam. Ananipigia simu Jumapili. "Mama, hujambo?" Sijambo. "Habari za huko?" Salama. "Haya mama, ubarikiwe." Ni mtoto mzuri. Simsemi.

Mtoto wa jicho alianza polepole. Kwanza taa za magari darajani zikawa na ndevu. Halafu ugali na sahani vikawa rangi moja. Nilianza kupapasa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na siku niliyomwaga mafuta ya taa kwenye sufuria la mboga nikifikiri ni mafuta ya kula, nilikaa kwenye kigoda nikalia kwa hasira. Nikaenda zahanati, zahanati wakanituma Mwanza.

Kule hospitali swali la kwanza lilikuwa, "Bibi, umekuja na nani?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Ndugu wa kukusindikiza hayupo?"

"Mngekuwa mnamwona kama angekuwepo," nilijibu. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali.

Daktari hakukasirika. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Aliniambia wazi kwamba jicho hili ndilo pekee nililo nalo, kwa hiyo atakwenda nalo taratibu. Akaniambia pia kwamba mara chache sana, baada ya upasuaji, wadudu wa maradhi huingia ndani ya jicho, mle kwenye ute wenyewe, na wakishaingia hawachezi. "Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, wekundu unazidi, au kuona kunarudi nyuma, usingoje tarehe. Njoo siku hiyo hiyo." Nilielewa. Mimi si mjinga. Nasisitiza hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Walinipasua, na walipoondoa bandeji kesho yake niliona kifungo cha koti la nesi. Kilikuwa na matundu manne na uzi wa rangi isiyolingana. Sijui kwa nini kifungo kile kilinitoa machozi, lakini nililia mpaka nesi akaniambia niache, nitalowesha jicho. Wakati wa kurudi niliomba kiti cha dirishani, nikaliona daraja kwa mara ya kwanza jinsi lilivyo, na ziwa chini yake, maji yakiwa na mikunjo midogo midogo. Nilikuwa nimelichukia daraja lile bila kuliona vizuri. Ni zuri. Inauma kusema, lakini ni zuri.

Nyumbani niliona utando wa buibui ambao bila shaka ulikuwa una umri wa wajukuu. Niliona kuku wangu, nikagundua mmoja ni wa rangi ya kahawia na si mweusi. Nikatoka nje, nikamwona yule mwanamke, maana hata nyumbani ni jirani yangu, akianika dagaa kwenye chandarua kando ya nyumba yake. Alikuwa ameinama. Nywele zilizotokeza mbele ya kilemba zilikuwa nyeupe, na mdomo ulikuwa umezungukwa na mistari. Kumbe amezeeka. Alikuwa amezeeka pale pale pembeni yangu na mimi sikuwa na habari.

Nilitamani sana kumwambia mtu kwamba naona. Nilisimama mlangoni nikatafuta wa kumwambia. Mwisho niliwaambia kuku.

Siku mbili tatu zilikuwa za furaha. Kisha jicho likaanza kuuma. Mwanzoni lilikuwa linakwaruza tu, kama limeingiwa na mchanga, na nikasema moyoni: jicho limekatwa kwa wembe, litaachaje kuuma? Nikaweka matone niliyopewa, nikalala. Asubuhi maumivu yalikuwa yamehamia kwenye paji la uso, kope zimevimba, na mlango wa nyumba yangu, niliokuwa nauona jana mpaka misumari yake, umekuwa kama nauona kupitia mvuke wa chungu.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa nesi, anawapigia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji kuwajulia hali. Jambo zuri kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Habari za tangu utoke huku?"

"Nzuri."

"Na jicho linaendeleaje?"

"Salama."

Asiye wa huku anaweza kuniuliza, salama gani hiyo, mwanamke wewe? Lakini sisi ndivyo tunavyojibu. Hata msibani, maiti ikiwa bado ndani, mgeni huuliza habari za hapa na wafiwa humjibu nzuri. Si uongo. Ni mlango tu, mtu hawezi kuingia ndani bila kuupita. Kwanza unasema salama, unavuta pumzi, kisha unasema ila. Salama, ila mtoto ana homa. Salama, ila nyumba imeungua. Habari zenyewe hukaa nyuma ya ila, na kila mtu aliyelelewa huku anajua kuingoja. Mimi nilisema salama, nikavuta pumzi.

"Haya bibi, Mungu ni mwema. Endelea na matone, tuonane siku ya tarehe yako." Akakata.

Nilibaki na simu sikioni na ila mdomoni. Simlaumu yule binti. Alikuwa na wengi wa kuwapigia, na aliuliza vizuri akajibiwa vizuri. Siku ile lakini nilimlaumu, tena kwa sauti. Nilijaribu kuitafuta namba yake nimpigie, mwanga wa simu ukanichoma kama sindano na tarakimu zote zikawa uji. Mwanangu naye alipiga siku ile, ingawa haikuwa Jumapili. Nikasema salama mwanangu, ila... akasema mama nimefika kwenye geti la kazini, nitakupigia jioni. Jioni hakupiga.

Watu wamekuja kuniuliza baadaye kwa nini sikutoka nje nikapiga kelele. Nitasema kweli. Niliogopa. Nilifikiri nikienda hospitali wataniambia limekwisha, na nikibaki kitandani bado hakuna aliyeniambia. Nilijifunika shuka kichwani kwa sababu mwanga uliniumiza, nikajilaza ubavu, nikasikiliza magari darajani. Nilikuwa mpweke kuliko nilivyokuwa siku ya kumzika mume wangu, maana siku ile angalau watu walijaa uani.

Kuku hawakulishwa. Kuku wasipolishwa hujitafutia, na wangu walijitafutia kwenye dagaa za jirani.

Nilimsikia anakuja. Kandambili moja ilikuwa inaburuzwa, kwa hiyo mguu ulikuwa unamsumbua na hasira ilikuwa kubwa kuliko mguu. Hakupiga hodi. Hakusema habari za asubuhi. Hatukuwa tunasalimiana, angesalimia nini? Alisukuma mlango akaanza na neno alilokuja nalo.

"Kuku wako wamekula dagaa zangu! Nimeanika jana kutwa, leo nakuta..."

Nilikuwa nimegeuka kumtazama, na shuka ilikuwa imeanguka.

"Jicho lako limekuwaje?"

Nikavuta shuka nijifunike tena.

"Nakuuliza wewe! Limekuwaje? Mbona kile cheusi kimekuwa cheupe? Mbona limevimba hivyo? Unaniona hapa?"

"Naona kivuli," nilisema, na nikaanza kulia, ingawa machozi yalikuwa yanaunguza.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote: daktari alisema nini, nesi alipiga simu, nilijibu nini. Alinisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye salama aliguna kwa nguvu, akasema, "Na wewe nawe," akaanza kutafuta kanga yangu ya kutokea.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Wote walionipenda walinisalimia kwanza, nami nikawajibu kama nilivyofundishwa. Ni yeye tu, aliyeninyima salamu, ambaye hakunipa nafasi ya kusema salama.

Alisimamisha pikipiki. Tulipanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia kiunoni nisianguke, maana jicho lilikuwa limefunikwa na kanga na sikujua barabara inakata wapi. Mikono yake ilikuwa inanuka dagaa. Ilikuwa imepita miaka tangu mtu anishike kwa muda mrefu hivyo. Barabarani tukapata basi la kutoka Geita, nikasikia matairi yanabadilisha sauti tulipoingia darajani, na kabla sijamaliza sala tulikuwa Kigongo, ng'ambo. Enzi za kivuko tungekuwa bado tumekaa kwenye foleni tunauziwa samaki. Nililisema hilo kwa sauti, na yeye akasema, "Wa jana." Hatukucheka, lakini ilibaki kidogo.

Hospitali waliniingiza mara moja. Daktari yule yule alikuja, akavuta kiti.

"Habari za leo, bibi?"

Nikafungua mdomo. Jirani yangu akawahi. "Daktari, huyu usimuulize habari, atakwambia salama. Muulize anaona nini."

Basi akauliza. Akanyoosha vidole mbele yangu. Sikuviona. Akasogea karibu zaidi, sikuviona. Nilikuwa naijua ngazi ile kwa sababu walinipitisha humo kabla ya upasuaji: mtu asiyeona herufi huulizwa vidole, asiyeona vidole huulizwa mkono, asiyeona mkono huulizwa mwanga. Na asiyeona mwanga haulizwi tena. Akapitisha mkono polepole. Kitu cheusi kilipita.

"Kimepita kitu," nilisema. "Kimetoka kushoto."

"Vizuri. Mkono upo. Tunaanzia hapo," akasema.

Aliniweka kidevu kwenye ile mashine ya kuchungulia, akachungulia kimya. Akamweleza jirani yangu, kwa kuwa alikuwa anamsumbua kwa maswali, kwamba mbele ya mboni kuna usaha uliotuama chini, umekaa mstari ulionyooka kabisa, na nyuma yake kumejaa ukungu hivyo hawezi kuona sakafu ya jicho. Kwa hiyo walinipaka jeli juu ya kope na kupitisha kifaa kama kile wanachopimia wajawazito. Kwenye kioo, alisema, ndani ya jicho kulionekana mawingu mahali palipotakiwa kuwa peusi na patupu. Lakini ule utando wa nyuma unaopokea picha ulikuwa bado umeshika mahali pake. Hiyo ilikuwa habari njema, na nilimwomba airudie.

"Kwa hiyo ni wadudu?" niliuliza.

"Dalili zote zinasema ni wadudu. Jicho lililopasuliwa huwa linauma kidogo na kupungua. Lako limezidi, na limekupunguzia kuona. Ili nijue ni wadudu gani, nitavuta kidogo maji ya ndani kwa sindano yapelekwe maabara. Ila hatungoji jina la mdudu ndipo tumpige. Nikishavuta, hapo hapo naingiza dawa."

Sindano ndani ya jicho. Walinipa ganzi na sikusikia maumivu, nilisikia msukumo tu, lakini kujua kwamba sindano imo ndani ya kitu pekee ulicho nacho ni jambo ambalo sitaki kulielezea zaidi. Nilishika mkono uliokuwa karibu. Ulinuka dagaa.

Baada ya hapo ndipo hasira yangu ilipopata njia. "Mliniachia uchafu humu ndani," nilimwambia daktari. "Mlininawisha vibaya."

Hakujitetea kwa kelele. Alisema hawezi kuapa wadudu wametoka wapi, na wataangalia upande wao pia. Lakini mara nyingi, alisema, wanaoleta shida hii ni wale wanaoishi siku zote kwenye kope zetu na ngozi yetu wenyewe. Nje hawana madhara. Kidonda cha upasuaji kikiwa bado hakijafunga, mmoja akipata upenyo, ndani anakuta joto, chakula, na hakuna wa kumzuia. Kabla ya kupasua wanaosha jicho kwa dawa ya kahawia kupunguza hatari, ila kuwamaliza wote haiwezekani. Kitanda cha pili, aliniambia, kuna fundi wa Igoma aliyekuwa anagonga chuma kwa nyundo, kipande chembamba kikaruka kikaingia ndani ya jicho na uchafu wake. Yeye alidhani ni vumbi kwa sababu hakikuuma sana. Na wapo ambao wadudu huwafikia jichoni kwa njia ya damu, wametoka kwenye jipu au figo, jicho lenyewe halijaguswa na mtu.

Nililala na maneno yale. Wadudu wangu mwenyewe. Miaka yote niliyokuwa nasema naishi peke yangu, kumbe tulikuwa wengi.

Wodini waliuliza tena ndugu ni nani, maana wodi inataka mtu wa kuleta chakula na kushika mkono wakati wa kwenda chooni. "Mimi," jirani yangu akasema. Nesi akamuuliza ni nani wangu. "Ndugu yake," akasema. Akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, na mguu ule mbovu.

Asubuhi aliniletea uji. Hakusema umeamkaje. Alisema, "Kunywa." Nami sikusema ahsante kwa sababu sikujua nianzie wapi. Ndivyo tulivyoishi mle wodini. Tuliongea: juu ya wateja wa zamani, juu ya kondakta mmoja aliyekuwa anakula kwangu anakwenda kunawa kwake, juu ya waume zetu. Siku moja akasema, bila kuulizwa, kwamba samaki wangu siku ile hawakuwa wa jana, alikuwa na mtoto wa kumpeleka shule na hakuwa ameuza hata mmoja. Nilimwambia nilijua. Lakini salamu hatukupeana. Ilikuwa kama chombo kilichowekwa juu sana kabatini, kila mmoja anangoja mwenzake apande kigoda.

Majibu ya maabara yalikuja: wadudu wameota, ni wale wa ngozini, na dawa tuliyoanza nayo inawaweza. Wakanichoma tena sindano ya ndani ya jicho. Usaha ukapungua. Kila asubuhi daktari alinyoosha vidole, nami kila asubuhi niliona moshi, na moyo ulikuwa unadunda mpaka naona aibu kwamba anausikia. Siku moja moshi ulikuwa na matawi.

"Viwili," nilisema.

"Hakika?"

"Viwili. Mbona unaniuliza mara mbili?"

Chini ya kitanda nikasikia mtu anapenga kamasi kwenye kanga.

Jicho halikurudi lote, na daktari hakunidanganya kwamba litarudi. Kile kifungo chenye matundu manne sikukiona tena. Naona mlango, misumari siioni. Naona mtu akinijia, namjua kwa mwendo wake kabla ya sura. Kutunga uzi kwenye sindano siwezi, kupika naweza, kutembea naweza. Daktari alisema kama ningechelewa hata kidogo zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Hakuhitaji kuyataja.

Tulirudi Busisi. Alikuwa anakuja kuniwekea matone. Anasukuma mlango, anasema, "Lala. Fungua. Usipepese. Haya." Wakati mwingine anakaa, wakati mwingine anaondoka. Nilianza kuwalisha kuku mapema ili wasije wakaleta ugomvi, halafu nikaona naogopa kitu kingine: kwamba pasipo ugomvi hatakuwa na sababu ya kuja. Alikuja tu.

Lakini daraja lilikuwa limekwisha kutumaliza. Binti yake wa Kahama alikuwa amemwita tangu kabla ya jicho langu, na alikuwa amekubali. Alichelewa kwa ajili ya matone. Matone yalipokwisha, alifunga nyumba.

Asubuhi ile nilisikia kandambili, halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwake.

"Hodi."

"Karibu," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Hakuingia. Alisimama mlangoni na mfuko wake, na nyuma yake pikipiki ilikuwa inanguruma.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Habari za jicho?"

"Salama."

Dereva akapiga honi. Hapo ndipo watu wote huondoka, hapo hapo, nimeshapazoea. Nilisubiri kusikia kandambili zikigeuka. Hazikugeuka. Nilikuwa naona umbo lake mlangoni, kilemba na mfuko, uso ukiwa ukungu mtupu, na mistari ya mdomo wake niliyoiona kwa siku zile chache sikuiona.

"Ila?" akasema.

"Ila sitaki uondoke."

Aliuweka mfuko chini. Akanyoosha mkono, nami nikanyoosha wangu, ule ambao sikumpa msibani, akaushika. Hakuahidi kitu. Dereva alipiga honi tena, na tena, kisha akazima pikipiki. Baadaye aliwasha, na jirani yangu akaenda.

Sasa hivi nimebaki mwenyewe, na kuku. Asubuhi simu inalia, ni yeye kutoka Kahama. Anauliza habari za jicho, namjibu salama, na hakati simu.